Mbingu Mpya, Nchi Mpya na Uvumilivu wa Mungu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka kadhaa katika madarasa ya kipaimara, katika ibada za nyumba kwa nyumba, na zaidi ya yote katika misiba, hapa Dodoma mjini na katika vijiji vya Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Maneno ya Biblia yamenukuliwa kutoka Union Version, kwa kuwa ndiyo ambayo wengi wetu tumeikariri tangu utotoni. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu maswali yake ni mazito. Mengine yamejibiwa kwa maneno machache kwa sababu Maandiko yenyewe yamesema machache.

Je, "nchi mpya" ni nchi nyingine, kama tunavyosema nchi ya Kenya au nchi ya Malawi?

Hapana. Katika Kiswahili cha leo neno "nchi" limezoeleka kwa maana ya taifa lenye mipaka, bendera na serikali. Kwa hiyo mtu anaposikia maneno ya Yohana, "Kisha nikaona mbingu mpya na nchi mpya" (Ufunuo 21:1), akili yake huenda moja kwa moja kwenye safari ya kuhama, kana kwamba tutafungasha mizigo na kuondoka huku kwenda kwingine. Watafsiri walikuwa na maana ya zamani ya neno hilo, ile ile ya Mwanzo 1:1: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Nchi hapo ni ardhi, ni dunia hii tunayoikanyaga na kuilima. Ukisoma Isaya 65:17 au 2 Petro 3:13, weka neno "ardhi" au "dunia" mahali pa "nchi", nawe utaona jinsi ahadi inavyokaribia mlangoni pako.

Neno "mpya" nalo linahitaji uangalifu. Kiyunani cha Agano Jipya kina neno *neos*, ambalo mara nyingi humaanisha kitu kichanga kwa umri, na neno *kainos*, ambalo mara nyingi humaanisha kitu kilichofanywa upya kwa hali yake. Petro na Yohana wanapozungumzia mbingu na nchi hutumia *kainos*. Sipendi kuibebesha tofauti hii hoja yote, maana maneno hayo mawili wakati mwingine hubadilishana nafasi. Lakini inakubaliana vizuri na sauti ya yule aketiye juu ya kiti cha enzi, anayesema, "Tazama, nayafanya yote kuwa mapya" (Ufunuo 21:5). Anasema anayafanya yote yaliyopo kuwa mapya, jambo lililo tofauti na kufanya mambo mengine yote mapya.

Lakini 2 Petro 3 inasema dunia itateketea kwa moto. Je, Mungu hataiangamiza na kuumba nyingine?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na anayeuliza ana haki ya kuuliza, kwa kuwa 2 Petro 3:10 katika Biblia zetu inasema kwamba "nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea." Kuna mambo matatu ya kuzingatia.

La kwanza ni la maandishi yenyewe. Nakala mbili za kale zinazoheshimiwa sana, zile zinazoitwa Sinaiticus na Vaticanus, ambazo zote ni za karne ya 4, hazina neno "zitateketea" mahali hapo, bali neno lenye maana ya "zitaonekana" au "zitafunuliwa". Moto bado umo katika sura hiyo, wala hakuna anayepaswa kuufuta, ila kazi yake inaeleweka zaidi: ni moto wa kuweka mambo wazi na kuyachunguza, kama ule wa Malaki 3 ambao msafishaji wa fedha huketi mbele yake. Msafishaji hawashi moto kwa kuichukia fedha.

La pili, Petro mwenyewe anatupa kipimo cha kulielewa neno "kuangamia". Katika mstari wa 6 anasema dunia ya wakati wa Nuhu "iligharikishwa na maji, ikaangamia." Iliangamia kweli, lakini Nuhu aliposhuka kutoka katika safina hakukanyaga sayari nyingine. Alikanyaga udongo ule ule uliokuwa umeoshwa, na kuhusu kazi zake tunaambiwa kwamba alikuwa mkulima akapanda mizabibu (Mwanzo 9:20). Sisi wa Dodoma, tuliozungukwa na mizabibu ya Mpunguzi, Hombolo na Makutupora, tuna sababu ya kuukumbuka mstari huo.

La tatu ni mfano, nami nautoa kwa sababu umenisaidia mimi mwenyewe kuliko vitabu vingi. Mkulima wa mkoa huu akifyeka pori na kuchoma mkaa, juu ya ardhi hubaki visiki vinavyoonekana vimekufa. Mbuzi hupita wakitafuna kila kinachojaribu kuchomoza, jua la Oktoba hupiga, na mpita njia husema hapa hapana kitu tena. Lakini mizizi chini ingali hai. Tangu 2018 wakulima wengi wa Dodoma wamefundishwa njia inayoitwa kisiki hai. Mtu huchagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, huyapogoa mengine, hufunga kitambaa cha rangi kwenye yale aliyoyaacha ili majirani wajue kwamba yanatunzwa, kisha huyalinda na mifugo. Hakuna mche unaonunuliwa wala ndoo ya maji inayobebwa. Nimesimama kando ya mgunga mmoja upande wa Chamwino, ambao miaka michache tu kabla ya hapo nilikuwa nimejikwaa kwenye kisiki chake. Niliukuta umenipita kimo, na chini yake kuku wamejikunyata kivulini. Chini kabisa ya shina, alama ya shoka ilikuwa bado inaonekana, gome jipya likiwa limeikumbatia kwa pande zote mbili.

Maandiko yanaijua lugha hii. Ayubu anasema, "Kwa maana yako matumaini ya mti, ya kuwa ukikatwa utachipuka tena" (Ayubu 14:7), na Isaya anapotangaza kuja kwa Masihi anasema chipukizi litatoka katika shina la Yese, yaani katika mti uliokwisha kukatwa. Ninaamini kwamba ndivyo Mungu atakavyoifanyia dunia hii. Hataing'oa na kuitupa. Atauchipusha mti ule ule kwa uzima ambao haukuwa nao kabla.

Kama ni hivyo, mbona misibani tunasema marehemu amekwenda mbinguni? Je, tunakosea?

Hatukosei, ila tunaishia katikati ya habari. Bwana Yesu alimwambia yule mhalifu msalabani, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" (Luka 23:43), na Paulo alitamani kwenda zake akae na Kristo, akisema kwamba ni vizuri zaidi sana (Wafilipi 1:23). Anayelala katika Bwana yuko na Bwana, na hilo litoshe kumfariji mfiwa usiku wa matanga.

Hata hivyo, huo si mwisho wa safari. Imani ya Mitume, tunayoikiri katika ibada, haikomei kwenye roho kwenda juu. Inakiri ufufuko wa mwili. Na katika maono ya mwisho ya Biblia, watu hawapandi kwenda mjini. Mji ndio unaoshuka. Yohana anauona Yerusalemu mpya ukishuka kutoka mbinguni kwa Mungu, na sauti inatangaza, "Tazama, maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu" (Ufunuo 21:3). Ni Mungu anayehamia kwetu.

Katika karne ya 2 walikuwapo walimu waliodai kwamba mwili na udongo ni kazi ya mungu mdogo na kwamba wokovu ni roho kuponyoka katika vitu hivyo. Ireneo, aliyekuwa askofu wa Lyon huko Ufaransa ya leo, aliwapinga kwa nguvu akisema kwamba asili ya uumbaji haifutwi, bali kinachopita ni mtindo wake, yaani hali yake ya sasa ya kuzeeka na kuharibika. Mara nyingine nasikia mahubiri ya mazishi ambayo wale walimu wa kale wangeyafurahia kuliko Ireneo, na jambo hilo hunihuzunisha, kwa sababu tunamwambia mjane kwamba mwili alioutunza kwa miezi mingi kitandani ulikuwa ganda tu.

Mwili uliooza utafufukaje?

Paulo aliulizwa swali hili naye akajibu kwa kupeleka macho shambani: "nayo uipandayo, huupandi mwili ule utakaokuwa, ila chembe tupu" (1 Wakorintho 15:37). Chembe ya uwele ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuishika kwa vidole vyenye jasho bila kuipoteza. Inafukiwa, inapasuka, inapotea, na baada ya miezi mitatu au minne limesimama bua lililomzidi mtu kwa urefu. Hakuna anayesema kwamba ule ni mmea mwingine, wala hakuna anayeweza kuikuta tena ile chembe. Bwana Yesu mfufuka alikuwa na makovu, naye alikula kipande cha samaki mbele ya wanafunzi (Luka 24:42). Zaidi ya hapo sitakwenda.

Petro anasema Bwana hakawii. Lakini imepita karibu miaka 2,000. Kama huko si kukawia, ni nini?

Wenye dhihaka waliuliza hivyo hivyo mapema kabisa: "Iko wapi ahadi ile ya kuja kwake? Kwa maana, tangu hapo babu zetu walipolala, vitu vyote vinakaa hali iyo hiyo" (2 Petro 3:4). Kwa hiyo swali hilo ni la zamani kama Kanisa lenyewe, na mtu asijione amepungukiwa imani kwa kuliuliza. Jibu la Petro lina sehemu mbili, na kwa kawaida tunakumbuka ya kwanza peke yake.

Sehemu ya kwanza ni kwamba "kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu, na miaka elfu ni kama siku moja." Watu wengine huligeuza neno hili kuwa hesabu ya kupigia tarehe, ilhali Petro ameligeuza pande zote mbili makusudi ili lisipigiwe hesabu. Analolisema ni kwamba Mungu haoni haraka kwa sababu wakati haumwishii, wala haoni kuchelewa kwa sababu wakati haumchoshi.

Sehemu ya pili ndiyo moyo wa jambo: "Bwana hakawii kuitimiza ahadi yake, kama wengine wanavyokudhani kukawia, bali huvumilia kwenu, maana hapendi mtu ye yote apotee, bali wote wafikilie toba" (3:9). Tunachokiita kuchelewa, yeye anakiita uvumilivu. Kisha, katika mstari wa 15, anaagiza jambo la ajabu: tuhesabu uvumilivu wa Bwana kuwa ni wokovu. Yaani kila mwaka unaopita bila mwisho kufika usiandikwe upande wa deni la Mungu. Uandikwe upande wa rehema. Kama Bwana angalirudi mwaka mmoja kabla sijamjua, ningalikuwa wapi? Nami najua majina ya watu watatu au wanne ambao ningesikitika mno angerudi usiku wa leo, na bila shaka msomaji ana majina yake.

Yakobo anaiweka subira hiyo katika picha ambayo wasomaji wa miji mikubwa huhitaji kufafanuliwa, lakini sisi hatuhitaji: "Tazama, mkulima hungoja mazao ya nchi yaliyo ya thamani, huvumilia kwa ajili yake hata yatakapopata mvua ya kwanza na ya mwisho" (Yakobo 5:7). Katika nchi ya Biblia mvua ya kwanza hunyesha karibu na Oktoba na Novemba, na ya mwisho karibu na Machi na Aprili. Kwetu msimu ni mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na katikati yake, mara nyingi Februari, mvua hukatika. Mtama uliokuwa umefika magotini huanza kujikunja majani asubuhi, na ifikapo saa saba mchana shamba zima limepauka. Mtu asiyejua kilimo angeng'oa. Mkulima haking'oi kitu. Huendelea kupalilia, huamka usiku kusikiliza upande wa mashariki, na hula akiba ya mwaka jana kwa kupima. Kungoja kwake ni kazi. Waswahili walisema kawia ufike, na ingawa methali ile ilisemwa kuhusu wasafiri, naona inafaa hapa: Mungu hataki kufika upesi akiwa amewaacha watu njiani.

Je, uvumilivu wa Mungu hauwi kama kuwafumbia macho waovu?

Hili linaulizwa na waliodhulumiwa, na halifai kujibiwa kwa wepesi. Mji huu umekua kwa kasi, na katika kukua kwake wapo watu waliolima eneo kwa vizazi, kisha wakaambiwa kwamba kiwanja kina mwenyewe mwingine. Watu wa namna hiyo wanaposoma Isaya 65:22, "Hawatajenga, akakaa mtu mwingine, hawatapanda, akala mtu mwingine," hawaisomi kama mashairi. Huulizana: lini?

Biblia haiwakemei kwa kuuliza. Katika Ufunuo 6:10 wafia imani walioko chini ya madhabahu, yaani watu waliokwisha kufika kwa Bwana, nao wanalia, "Hata lini?" Wanapewa mavazi meupe na kuambiwa wastarehe bado muda mchache. Hawaambiwi kwamba swali lao ni baya.

Uvumilivu na hukumu vimeelezwa pamoja tangu mwanzo. Katika Kutoka 34:6-7 Bwana anajitangaza kuwa si mwepesi wa hasira, na papo hapo anasema kwamba si mwenye kumhesabia mtu mwovu kuwa hana hatia. Yona alijua nusu ya kwanza ya maneno hayo na ikamkasirisha, kwa kuwa hakutaka Ninawi isamehewe. Katika mfano wa magugu, watumishi wanataka kung'oa mara moja, na mwenye shamba anakataa: "msije mkakusanya magugu, na kuzing'oa ngano pamoja nayo" (Mathayo 13:29). Gugu la mfano huo hufanana na ngano mpaka masuke yatoke. Kwetu tuna kiduha, ambacho hakifanani na mtama lakini mizizi yake huishika ya mtama chini ya ardhi na kuinyonya. Kwa vyovyote, shida ni moja, kwamba huku juu mambo yanaonekana tofauti na yalivyo kule chini, na yule peke yake anayeiona mizizi amechagua kungoja hata wakati wa mavuno. Lakini mavuno yapo. Mtini usiozaa ulipewa mwaka mmoja zaidi, ukaahidiwa kupaliliwa na kutiwa samadi (Luka 13:8). Haukuahidiwa miaka isiyo na kikomo.

Wala uvumilivu wa Mungu haumzuii mtu kudai haki yake kwa njia halali. Kungoja mbingu mpya "ambayo haki yakaa ndani yake" hakumaanishi kuishi kwa amani na dhuluma leo. Anayemwambia mnyonge avumilie ili mwenye nguvu aendelee kula, analitumia jina la Mungu vibaya.

Je, kwa kuwa Mungu hapendi mtu ye yote apotee, basi mwishoni watu wote wataokolewa?

Maandiko yanasema kwamba Mungu hapendi mtu apotee. Hayasemi kwamba hakuna atakayekataa. Paulo anasema wema wa Mungu humvuta mtu apate kutubu (Warumi 2:4), na papo hapo anawaonya wanaojiwekea akiba ya hasira kwa ugumu wa mioyo yao. Tunawaombea wote, tunamtumainia Mungu kwa ajili ya wote, na hatumtangazii mtu yeyote usalama ambao hajaahidiwa.

Wahubiri wanaotaja mwaka au siku ya kurudi kwa Bwana tuwasikilize?

Hapana. Bwana Yesu alisema kwamba habari ya siku ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba (Marko 13:32). Huko Marekani, William Miller na wafuasi wake waliifikia tarehe ya 22 Oktoba 1844, na wengine hawakuvuna mashamba yao kwa kuwa waliamini mazao hayatahitajika tena. Siku ikapita, na kulipokucha waliokuwa wakingoja walilia. Nawahurumia kwa kweli, kwa kuwa shauku yao ilikuwa njema. Lakini viazi vilibaki ardhini.

Je, wanyama watakuwapo? Na kwa nini inasemwa "wala hapana bahari tena"?

Isaya anaona mbwa-mwitu na mwana-kondoo wakilisha pamoja (65:25), na Paulo anasema viumbe vyote vinaugua pamoja vikingoja kuwekwa huru (Warumi 8:21-22). Kwa hiyo sioni sababu ya kuwatoa wanyama katika tumaini hili. Kama ng'ombe fulani uliyemlilia katika ukame atakuwapo, hilo halikufunuliwa.

Kuhusu bahari, ndugu zetu wa pwani huuliza kwa uchungu fulani. Katika Ufunuo, bahari ni mahali anapotoka mnyama anayewatesa watakatifu (13:1), na kwa Waebrania tangu kale ilikuwa ishara ya machafuko. Wengi wa wafafanuzi huelewa kwamba kinachoondolewa ni tishio hilo, nami naona wako sahihi.

Kama Mungu mwenyewe ataifanya upya dunia, kuna haja gani ya sisi kupanda miti, kuhifadhi udongo au kufanya kazi yoyote ya maendeleo?

Mkoa wetu umeonyeshwa njia zote mbili, ya haraka na ya subira, kwa hiyo jibu linaweza kutolewa kwa kuangalia nje ya dirisha.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Kongwa ikawa mojawapo ya vituo vyake vya kwanza. Yaliletwa matrekta mengi, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, ili kung'oa pori kwa haraka na kupata mafuta ya kula. Mvua za Kongwa hazikupimwa vya kutosha, na udongo wake wa mfinyanzi, ambao kila mama wa Kigogo anajua kwamba kiangazi hugeuka kama tofali, uliwashinda. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Walitaka nchi mpya bila kuijua ile iliyopo.

Kondoa ilikuwa habari nyingine. Ardhi yake ilimomonyoka hata ikabaki makorongo mekundu ambamo nyumba ingeweza kuzama. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, unaojulikana kama HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Ulikuwa uamuzi mchungu. Familia nyingi zilipoteza riziki au zilihama, na wako wazee ambao hawajausahau mpaka leo. Lakini ardhi ilipopumzishwa, nyasi zilirudi zenyewe, kisha vichaka, kisha miti ambayo hakuna aliyeipanda. Mbegu na mizizi vilikuwamo wakati wote. Ninapowaza kwamba dunia itafunguliwa kutoka katika utumwa wa uharibifu, nauona ule mlima wa Kondoa: ni ule ule, na hakuna anayeweza kusema kwamba uponyaji wake haukugharimu watu kitu.

Sasa, sisemi kwamba binadamu wanaujenga ufalme wa Mungu kwa majembe. Ufufuko ni kazi ya Mungu peke yake, kama vile hakuna mkulima anayechipusha kisiki. Yeye huondoa kinachokizuia. Lakini baada ya kuueleza ufufuko kwa mistari zaidi ya hamsini, Paulo hamalizi kwa kusema tukae tungoje, bali anasema tuzidi kutenda kazi ya Bwana, "kwa kuwa mwajua ya kwamba taabu yenu siyo bure" (1 Wakorintho 15:58). Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1965 kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha kwamba matunda mema ya kazi zetu tutayakuta tena yakiwa yametakaswa, na hapa Waanglikana, Walutheri na Wakatoliki tunaweza kusema amina kwa sauti moja. Ufunuo 21:26 husema kwamba utukufu na heshima ya mataifa vitaletwa ndani ya mji ule. Natumaini zeze la Wagogo litakuwamo.

Nimechoka kungoja. Nimwombe Mungu vipi?

Aliyeniuliza hivi alikuwa mama mmoja aliyemzika mwanawe wa pili. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, na tulikuwa tumekaa kwenye kigoda na mkeka nje ya nyumba yake, mlenda ukiwa umeanikwa juu ya paa la banda. Sikumpa hoja. Nilimsomea Warumi 8, mahali panaposema kwamba viumbe vyote vinaugua, kisha kwamba sisi nasi tunaugua, kisha kwamba Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Akaniuliza kama ina maana kwamba Mungu pia anaugua. Nikamwambia, "Ndiyo, mama, hivyo ndivyo ilivyoandikwa: anaugua pamoja nawe, ndani yako, kabla hujapata maneno."

Kwa hiyo omba kwa maneno uliyo nayo. "Ufalme wako uje" yanatosha, na "Hata lini, Bwana?" yanatosha vilevile, kwa sababu yote mawili yamo katika Zaburi na katika Sala ya Bwana, na Mungu aliyeyaweka humo hatashangaa kuyasikia. Ukikosa maneno kabisa, ugua. Wala usijilazimishe kufurahi mbele ya wageni.

Tulipokuwa tukiagana, yule mama alimwita mjukuu wake amletee kibuyu cha mbegu kilichoning'inizwa juu ya meko ili wadudu wasiingie. Alizimimina kwenye ungo, akaanza kuzichambua moja moja, akaniambia kwamba mwaka huu atalima sehemu ya chini tu, ile iliyo karibu na korongo, kwa kuwa mikono imepungua, lakini hataliacha shamba lote.